Seli za Dada

4 Machi

Mvua ya kwanza leo. Imenikuta nikizibadilishia seli lishe, kazi ninayoifanya kila siku ya pili. Namwaga maji ya zamani yaliyogeuka manjano, natia mapya yenye rangi ya waridi, narudisha chupa kwenye kabati la joto. Chupa ziko ishirini na mbili. Ishirini na moja nazihudumia kwa sababu nimeajiriwa.

Nimenunua daftari hili kwa sababu ya ile moja iliyobaki, namba kumi na saba. Nikizidi kunyamaza nitapasuka. Mtu niliyezoea kumwambia yangu yote alikuwa Dada, na Dada hayupo.

6 Machi

Niandike ilivyokuwa, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Mwaka juzi mwishoni, saratani ya titi ya Dada ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Maji yalimjaa ubavuni hata akawa analala ameketi. Walipomtoa yale maji nilikuwa nimemshika mkono. Daktari alimwuliza kama angekubali sehemu ya maji hayo iende kwenye utafiti. Dada akasaini huku anahema. "Wachukue hata ndoo nzima," alisema. "Mimi sina shughuli nayo."

Kesho yake maabarani kwetu ililetwa chupa, haina jina, ina namba tu. Utaratibu ndivyo ulivyo: anayekuza seli hatakiwi kujua ni za nani. Lakini saa iliyoandikwa nilikuwa naijua, wodi naijua, na wiki ile haikuletwa nyingine. Profesa akauliza, "Nani atazikuza hizi?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri.

Dada alifariki baada ya wiki saba. Seli hazikufa. Mwaka na miezi minne sasa zinakula na kuzaana, na mimi ndiye nizilishaye. Zilezile zilizomuua.

8 Machi

Mvua. Kazi. Chai imepoa nikiitazama.

11 Machi

Profesa ametupa kazi ya msimu. Ni mama wa miaka sitini, mfupi, hajui kupaza sauti, na hakuna anayethubutu kusinzia akisema.

"Seli za titi lenye afya zinakaa kama watu walioshikana mikono," alisema. "Kila moja imetoa vimikono vya protini nje ya ngozi yake, na vinakamatana na vimikono vya jirani. Kwa ndani vimefungwa kwenye mifupa ya seli yenyewe. Seli iliyoshikwa hivyo haiendi popote. Sasa, katika baadhi ya uvimbe, protini hiyo inapotea. Seli inaachiwa. Inajipenyeza kwenye nyama ya pembeni, inaingia kwenye damu, inasafiri. Uvimbe uliokaa mahali pamoja, daktari anaukata. Uliosafiri ndio unaotuzika."

Protini yenyewe vitabuni inaitwa kadherini. Sisi hapa tunaiita gundi.

"Namba kumi na saba haina gundi kabisa," aliendelea Profesa. "Jeni yake imeharibika. Tutaiwekea jeni nzima, tuone kama zitatulia."

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kasuku kwa sababu zinazojulikana, akadakia, "Yaani tunazirudishia adabu."

"Tunazirudishia gundi," alisema Profesa. "Adabu sijui kama itafuata."

Wote walicheka. Nami nilicheka, nikaenda chooni nikanawa uso.

15 Machi

Nimezitazama kwa hadubini muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Ni za duara, zimejitenga, nyingine zimepangana kama watu waliosimama foleni wasiojuana. Hakuna inayomgusa mwenziwe.

Na Dada hakuwa mtu wa kuketi na wewe bila kukugusa. Alikuwa fundi cherehani. Kabla hata hajakusalimu alikuwa ameshakamata pindo la nguo yako anakagua mshono. "Nani kakuharibia hivi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa habari za asubuhi yake. Nimenunua nguo mbili tangu afe. Hakuna aliyeshika pindo.

19 Machi

Tumezigawa seli mafungu mawili. Fungu moja limepewa jeni. Jingine limeachwa vilevile, ili tupate cha kulinganisha.

20 Machi

Bado.

22 Machi

Bado. Bomba la paa limeziba, maji yanamwagika mbele ya mlango. Kasuku ameweka matofali mawili ya kukanyagia, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuteleza.

27 Machi

Zimeshikana.

Nilikwenda asubuhi kabla ya wenzangu. Fungu lisilo na jeni liko vilevile, kila moja na lake. Fungu lenye jeni, seli zimesogeleana zikawa visiwa vidogo vidogo, na mahali zinapokutana pana mstari unaong'aa. Nilikwangua njia katikati ya seli kwa ncha ya pipeti, kipimo chetu cha kuona mwendo. Zisizo na gundi zimeanza kuvuka mojamoja, kila moja imejichagulia pa kwenda. Zenye gundi zimebaki ukingoni zimekumbatiana, zinasogea kidogo sana, na zikisogea, zinasogea zote.

Nilimwita Profesa. Alitazama kwa jicho la kulia, akabadili la kushoto. "Vizuri," alisema. Kwake hilo neno ni sawa na vigelegele.

Halafu nikawaza kitu kibaya. Kwamba tumechelewa mwaka na miezi minne. Na kwamba hata tusingechelewa, yeye tusingeweza kumtia kwenye kikombe cha kioo. Nilikaa nacho siku nzima.

3 Aprili

Kipimo cha vikombe. Kikombe kina kitako chenye matundu madogo sana, juu yake tumepaka ute mzito unaofanana na ukuta ambao seli za saratani hulazimika kuupenya mwilini. Chini tunaweka lishe tamu ya kuzivuta. Baada ya siku moja tunapaka rangi ya zambarau na kuhesabu zilizotokeza upande wa pili.

Zisizo na gundi: mia mbili na kumi na mbili. Zenye gundi: thelathini na nane.

"Rudieni mara tatu," alisema Profesa, "na ahesabuye asijue kikombe kipi ni kipi."

9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Leo Profesa ameleta karatasi kutoka kwa watu wanaosoma herufi za jeni. Alitaka kujua hasa jeni ya gundi ya namba kumi na saba imevunjikia wapi. Alieleza kwa sauti yake ileile ya kusoma ratiba ya mabasi. Kwa wagonjwa wengi, alisema, jeni hii huharibikia humo humo kwenye uvimbe, na mgonjwa akienda huenda nayo. Lakini kosa la aina hii hasa limewahi kuonekana kwa watu waliozaliwa nalo. Likiwa la kuzaliwa, huenda nusu ya watoto na nusu ya ndugu wanalo pia. Kwa wanawake hatari yake iko kwenye titi, na kwa wote, wake kwa waume, iko kwenye tumbo.

"Hii namba inaweza kuwa na familia huko nje," alisema. "Itabidi niiandikie kamati ya maadili waitafute. Itachukua miezi."

Kasuku aliuliza swali, sikulisikia.

Tumbo. Mama yetu alikufa mimi nikiwa na miaka kumi na moja, Dada kumi na saba. Watu walisema vidonda vya tumbo. Alikuwa akila vijiko vitatu anasema ameshiba. Alikonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Mimi mwezi wa tisa natimiza arobaini na moja.

Na Dada ameacha binti. Ana miaka kumi na tisa.

10 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema nina homa.

11 Aprili

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dada alikuwa anapenda kunisemea methali hii kila nilipokataa kwenda kung'oa jino. Asubuhi nimegonga mlango wa Profesa.

"Namba kumi na saba ni dada yangu," nilisema. Sikukaa.

Hakushtuka. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukainua mkono."

"Nikainua mkono."

Nje maji yalikuwa yakichuruzika. "Mimi ningekukataza," alisema. "Unajua hilo. Ndiyo maana hukuniambia."

"Ndiyo, Profesa."

"Matokeo yako yote ya namba hiyo lazima yarudiwe na mtu mwingine. Hakuna atakayeamini hesabu ya ndugu, na mimi mwenyewe sitaamini. Chupa zako anachukua Kasuku kuanzia leo. Barua ya onyo itakuja, nitaiandika mimi, haitakuwa tamu." Kisha akavaa miwani, sauti ikabadilika. "Una watoto?"

"Sina. Dada ana binti mmoja."

"Basi tusingoje miezi. Nitazungumza na kamati leo. Wewe kaongee na watu wako."

Nilipokwenda kutoa koti langu kwenye chumba cha seli, Kasuku alikuwa ameshaambiwa. Aliniachia nafasi mbele ya kabati la joto, akageuka kutazama ukuta.

14 Aprili

Leo ilikuwa siku yao ya kula. Mikono yangu ilijua. Nimepanga glavu zote kabatini kwa ukubwa, hakuna aliyeniagiza.

16 Aprili

Kasuku alipita mezani kwangu, hakusimama. "Zimekula," alisema.

18 Aprili

"Zimekula."

20 Aprili

Nimekwenda kwa Shemeji.

Tangu arobaini ya Dada sikuwa nimekanyaga pale. Siku ya mazishi alinitazama mbele ya watu akaniuliza, "Wewe unashinda na hayo madudu maabarani, hukuona?" Ningemjibu nini, kwamba macho ya maabara hayaoni kupitia nguo za mtu? Naye hakurudia. Tukaachana hivyo, kila mtu na upande wake. Na tulikuwa watani sisi! Alikuwa akiniita mke mdogo mvivu, nami namwita mume wa bei nafuu, na Dada akicheka mpaka sindano zinamdondoka kinywani.

Anatengeneza betri na redio. Nilimkuta kwenye kibaraza amefunua redio, skrubu amezipanga kwenye sahani. Cherehani ya Dada iko palepale dirishani, imefunikwa shuka safi.

"Karibu," alisema. Hakusema Shemeji.

Binti alitoka ndani, mikono ina povu la sabuni, akaniangukia shingoni. "Mama Mdogo! Nilidhani umetufuta." Amerefuka. Ana mabega ya Dada. Nilishindwa kumwachia.

Niliwaambia yote. Chupa, namba, mkono nilioinua, jeni, Mama yetu na vijiko vyake vitatu. Nilisema kwa mpango kama ninayesoma ripoti, maana ningesimama katikati nisingeweza kuendelea. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nirudie mara mbili mahali pale pagumu kuliko pote: kwamba Binti anaweza kuwa nalo.

Shemeji aliokota skrubu moja, akairudisha, akaokota ileile tena.

"Kwa hiyo mke wangu," alisema, "yuko kwenye chupa mwaka mzima, na wewe unamtazama."

"Si yeye, Shemeji. Ni ugonjwa wake."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Hata kuongea tulikuwa hatuongei."

"Ungeniambia tu!" Sahani ilianguka, skrubu zikatawanyika sakafuni. Tulipiga magoti wote watatu kuziokota, kila mtu anatafuta chini ya kiti chake, hakuna anayemtazama mwenziwe. Binti ndiye aliyesema kwanza, bado yuko chini ya meza.

"Mimi napima. Lini?"

"Subiri," alisema baba yake.

"Nisubiri nini, Baba? Mama alisubiri. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa kifungo, akasema akimaliza sare za shule atakwenda."

Sikulijua hilo. Shemeji alilijua; nililiona usoni mwake. Alikuwa amelibeba peke yake muda wote huu, na nadhani ule mkuki alionirushia mazishini ulikuwa umetolewa kifuani kwake mwenyewe.

26 Aprili

Tumetoa damu, mimi na Binti. Majibu ni wiki tatu au nne. Muuguzi alituuliza, "Nyinyi ni mtu na dada yake?" Binti akajibu, "Karibu."

30 Aprili

"Zimekula," kasema Kasuku. Nikamwambia asante. Akasimama. "Nilikuwa na kaka," alisema, halafu akaenda zake. Miaka sita tumekaa chumba kimoja.

7 Mei

Mvua imezidi. Barabara ya chini imefungwa, nimekwenda kazini kwa miguu, viatu mkononi. Barua ya onyo imefika. Kweli haikuwa tamu. Nimeisaini.

Usiku nimemwota Dada, hakusema kitu, alikuwa anatafuta mkasi.

12 Mei

Binti aliomba azione. Profesa alitafakari siku mbili akakubali, kwa sharti kwamba Kasuku ndiye atamwonyesha na mimi nikae mlangoni.

Alivaa koti jeupe lililompwaya. Kasuku alimwekea zisizo na gundi kwanza, kisha zenye gundi, akamweleza polepole bila mzaha hata mmoja. Binti aliinama kwenye hadubini kwa muda, mguu mmoja umepanda juu ya mwingine.

"Hizi zilizoshikana," aliuliza, "zimepona?"

"Hapana," alisema Kasuku. "Bado ni saratani. Bado zinazaana. Ila hazitembei sana."

"Ukimpa mgonjwa hiyo gundi?"

"Hatujui kuifikisha. Kwenye kioo ni rahisi. Mwilini seli ni mabilioni, na hatuna njia ya kuigusa kila moja. Pengine siku moja itapatikana dawa ya kuziamsha jeni za gundi zilizolala tu. Za mama yako hazikulala, zilivunjika."

Nilidhani atalia. Alimshukuru, akanawa mikono kama alivyoelekezwa, akatoka. Nje kwenye korido aliniambia, "Nilidhani nitazichukia." Akanishika mkono wa koti, akauangalia. "Mama Mdogo, huu mshono umefumuka."

Mimi ndiye niliyelia.

17 Mei

Bado majibu.

19 Mei

Bado.

21 Mei

Hesabu za Kasuku zimekamilika, mara tatu, bila kujua kikombe kipi ni kipi. Zisizo na gundi, wastani ni mia moja tisini na nane. Zenye gundi, arobaini na nne. Profesa amesema vizuri.

23 Mei

Majibu.

Binti hana. Jeni zake zote mbili ni nzima. Alipiga ukelele pale pale kwenye kiti, akamkumbatia mshauri aliyetusomea majibu, akanikumbatia mimi, kisha akaona uso wangu.

Mimi ninalo. Herufi ileile, mahali palepale, kama la Dada.

Nilitarajia hofu, nayo ilikuja, ilikuja baadaye nikiwa jikoni, vyombo vikanidondoka. Lakini pale kwenye kiti, kabla ya hofu, nilisikia kitu ninachoona haya kukiandika. Kwa Mama tulirithi vidole virefu, kinywa kipana, na hiki. Dada alikitembeza miaka arobaini na tano bila kujua kina jina. Nilitamani mno kumwambia. Nilitoa simu kabisa. Namba yake sijaifuta.

25 Mei

Mshauri amenieleza njia zilizopo. Titi lipigwe picha kila mwaka. Tumbo liingizwe kamera na kukatwa vinyama vidogo vya kupima. Wengine huamua kuondoa tumbo lote kabla halijaumwa, na huishi, wanakula kidogokidogo mara nyingi. Amesema nisiamue leo. Kamera ni tarehe sita.

Binti amekuja kulala kwangu bila kualikwa. Anakoroma kama baba yake.

1 Juni

Mvua inapungua. Nimerudishiwa chupa zangu zote isipokuwa ile. Sikuiomba.

6 Juni

Naandika nimelala, koo linawasha, na kichwa bado ni kizito kwa dawa ya usingizi.

Niliambiwa nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Binti alikuwa na mtihani. Nikasema nitamwomba Kasuku. Saa moja asubuhi nafika mlangoni pa wodi, namkuta Shemeji kwenye benchi, amevaa shati la kwendea harusini, mwavuli katikati ya magoti.

"Binti kanituma," alisema.

"Si lazima ukae."

"Nimeshakaa."

Tulikaa. Alikuwa ananitazama mikono. Kisha akasema, akiwa ameuelekea ukuta wa mbele, "Lile neno nililokuambia mazishini. Nilikuwa nalijua uongo wake wakati linatoka." Nikamwambia najua. Akaendelea, "Kile kifungo nilikigusa mimi kwanza. Nikamwambia aende. Akasema sare. Sikumsukuma." Nikamwambia Dada hakuwahi kusukumwa na mtu. Alicheka puani, kidogo, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu enzi za sindano kudondoka.

Walinilaza saa nne. Nilipozinduka daktari aliniambia kwa macho hakuona kitu kibaya, ila vile vinyama vitasema zaidi baada ya wiki mbili. Ni vizuri ya nusu. Nimeipokea.

Mlangoni muuguzi alikuwa na fomu ya kuniruhusu kutoka. Alimgeukia Shemeji. "Wewe ndiye unayemchukua? Ni nani wake?"

Swali hilo nimekuwa nikijiuliza mwenyewe mwaka na nusu. Aliyetufanya tuwe ndugu yuko kaburini. Sikujua kama jina linabaki. Nilifumba macho nikajifanya bado ni dawa.

Nilimsikia akihamisha mwavuli kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Shemeji yangu huyu," alisema. "Andika hivyo. Na uandike namba yangu ya simu hapo chini, ndiyo mtakayopiga safari zote."